Sumaku, Picha ya Ubongo na Ugonjwa wa Huzuni

Kama unapepeta mchele, endelea tu, ungo hauzuii masikio.

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa huzuni. Vitabu huuita unyogovu, na ndugu zetu wa Tanzania huuita sonona. Mitaani kwetu hauna jina moja. Utasikia, "Fulani ana mawazo," au "Amechoka roho," au "Ameingiliwa." Hatuzungumzii ile huzuni ya kufiwa au ya kuvunjika chungu, ambayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Hii ni huzuni inayomkalia mtu karibu kila siku, wiki mbili na zaidi. Yale aliyokuwa akiyapenda hayampendezi tena. Usingizi umemkimbia au umemzidi. Chakula hakishuki. Mwili ni mzito, akili haitulii, anajiona hana thamani, na wengine hufikia kutamani kufa. Mama aliyejifungua anaweza kumtazama mtoto wake mwenyewe kana kwamba ni wa jirani, kisha akajichukia kwa kuwa anamtazama hivyo.

Huku kwetu sababu za kuhuzunika hazikosekani. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yalibeba mashamba na nyumba. Maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mto na kuharibu miembe na mpunga. Wako pia waliozika watu wao katika mapigano ya mwaka 2012 na 2013, Riketa, Kilelengwani na Kipao, na hadi leo wakisikia kelele usiku moyo huruka. Lakini, msikilizaji, si kila aliyepatwa na msiba huugua ugonjwa huu, na wako wanaougua bila msiba wowote. Kwa hiyo kuna jambo linalotendeka ndani ya kichwa chenyewe.

Hapo ndipo linapoingia swali tuliloletewa na mama mmoja. Binti yake ana mtoto wa miezi mitano. Tangu ajifungue hainuki kitandani, haogi mpaka aambiwe, na wakwe wanasema ni mvivu. Kijana wao aliye Mombasa ameona kwenye simu habari za mashine ya sumaku. Kwanza mgonjwa anapigwa picha ya ubongo, kisha sumaku inaelekezwa mahali pake yeye, si pa mtu mwingine, na baada ya siku tano huzuni imeondoka. Mama anauliza mambo mawili. Je, ni kweli? Na je, auze ng'ombe wawili?

La ng'ombe nitalijibu, lakini tuanze na mashine yenyewe, maana ni kweli ipo.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Kila unapoinua kidole, kuna cheche ndogo iliyotangulia kichwani. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mtaalamu Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme katika koili kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko kupepesa jicho. Umeme ule ulizaa nguvu ya sumaku, sumaku ikapenya fuvu bila kupasua kitu, na mkono wa yule mtu ukashtuka wenyewe. Kwa njia hiyo waliugusa ubongo bila kisu.

Wengi mkisikia umeme na kichwa mnakumbuka habari za wagonjwa wa akili "kupigwa shoti". Hayo ni matibabu mengine, yalianza Roma mwaka 1938, na bado hutumika kwa wagonjwa waliozidiwa sana, siku hizi mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Haya ya sumaku ni tofauti. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, anazungumza, na akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Husikia mgongomgongo juu ya ngozi ya kichwa, kama kigong'ota anavyogonga mti, na sauti ni kubwa kiasi kwamba huwekewa vizibo masikioni. Wengine huumwa na kichwa baadaye. Mara chache sana mtu anaweza kupata degedege, ndiyo sababu mwenye kifafa au mwenye chuma kichwani ni lazima aseme mapema.

Marekani iliruhusu mashine hii kutumika kwa ugonjwa wa huzuni mwaka 2008, kwa wale ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Mgonjwa alikuwa akienda kila siku ya kazi, wiki nne mpaka sita, na kila mara akikaa zaidi ya nusu saa. Mwaka 2018 madaktari wa Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 414, wakaonyesha kwamba aina moja ya mapigo ya haraka, ya dakika 3 tu, hufanya kazi sawa na yale ya dakika 37.

Sasa, koili iwekwe wapi? Hapa ndipo penye utamu wa habari yetu. Ubongo si kitu kimoja kama ndimu. Kuna sehemu ya kuona, ya kusikia, ya kusogeza miguu. Madaktari walijua wanataka sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Walichofanya miaka ya mwanzo kitawashangaza. Walitafuta kwanza mahali ambapo sumaku ikigonga kidole gumba kinaruka. Wakishapapata, walichukua kipimo cha fundi cherehani, wakasogea mbele sentimita 5, wakasema hapa ndipo. Kila mtu sentimita 5. Mwenye kichwa kikubwa na mwenye kichwa kidogo, kipimo kilekile. Fundi wa nguo akikufanyia hivyo utamrudishia kanzu yake. Si ajabu kwamba wengine walipona, wengine walitoka kama walivyoingia.

Pia kulikuwa na tatizo jingine. Ndani kabisa ya ubongo, katikati nyuma ya paji la uso, kuna kipande kidogo ambacho daktari Mjerumani, Korbinian Brodmann, alikipa namba 25 alipochora ramani yake ya ubongo mwaka 1909. Baadaye ilionekana kwamba kwa watu wenye huzuni kuu kipande hiki huwa na shughuli nyingi kupita kiasi. Mwaka 2005, mjini Toronto, daktari Helen Mayberg na wenzake walipasua fuvu za wagonjwa sita ambao hakuna dawa iliyowafaa, wakatia nyaya nyembamba mpaka hapo na kupitisha umeme. Wanne kati ya sita walipata nafuu iliyodumu miezi sita. Hao ni wachache, na upasuaji wa kichwa si mchezo. Sumaku ya nje haiwezi kufika huko chini. Nguvu yake hupotea baada ya sentimita chache tu.

Basi ikawa hivi. Mkulima wa mpunga wa Ozi hasukumi mto kwa mikono. Bahari ikijaa kule Kipini, maji ya mto hurudi nyuma, yakapanda na kuingia mashambani. Kinachotendeka mdomoni mwa mto kinahisiwa shambani, kwa kuwa njia ya maji ni moja. Mwaka 2012 daktari Michael Fox na wenzake huko Boston walitazama zile sehemu za juu ambazo sumaku ilikuwa imegongwa, wakakuta zile zilizoleta nafuu kubwa zaidi zina njia inayofika namba 25, na njia yenyewe ni ya kinyume: huku kukipanda, kule kunashuka. Kwa hiyo ukigonga juu mahali panapofaa, unatuliza chini usipopafikia.

Lakini njia hizo hazipiti mahali pamoja kwa kila mtu. Ni kama mikondo ya mto wetu. Nahodha anayeijua ya kwao, ukimpeleka delta nyingine atakwama kwenye mchanga. Kumbe basi kila mgonjwa anahitaji ramani yake.

Ramani hiyo huchorwa kwa mashine ya MRI, ile inayofanana na pipa kubwa ambamo mtu hulazwa. Nayo hutumia sumaku, haina miale ya eksirei. Tangu mwaka 1990, kwa kazi ya mtaalamu Mjapani Seiji Ogawa, ilijulikana kwamba mashine hii inaweza kutofautisha damu yenye hewa safi na damu iliyokwisha kutumika. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu safi zaidi. Mgonjwa hulala kimya dakika kadhaa bila kufanya lolote, na kompyuta hutazama sehemu zipi hupanda na kushuka pamoja, na zipi huenda kinyume. Kutokana na hayo daktari huchagua mahali pa kuweka koili kwa mtu huyo mmoja.

Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, chini ya daktari Nolan Williams, ambaye alifariki mwaka 2025, ndicho kilichoivumisha njia hii. Walipiga picha, wakachagua mahali, kisha wakagonga mara kumi kwa siku, dakika kumi kila mara na mapumziko katikati, kwa siku tano. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa 19 kati ya 21 kuondokewa na dalili. Watu wakasema, hao walijua wanatibiwa, huenda ni matumaini tu. Wakarudia kwa wagonjwa 29, wengine wakipewa sumaku ya kweli na wengine ya bandia inayolia na kugonga vilevile, bila wao kujua. Waliopata ya kweli, 11 kati ya 14 walifikia kupona ndani ya wiki nne. Waliopata ya bandia, ni 2 kati ya 15. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ikairuhusu. Hiyo ndiyo habari aliyoiona kijana wa Mombasa, na hakudanganywa.

Ila simu haikumweleza yote. Watu 29 hawajazi hata basi moja la Lamu. Pili, je, kilichowaponya ni ramani, au ni kule kugongwa mara 50 kwa wiki moja? Majaribio yale hayakutenganisha mambo hayo mawili. Mwaka 2024 madaktari wa Uingereza, wakiongozwa na wa Nottingham, walitoa matokeo ya wagonjwa 255 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Wote walipigwa picha. Nusu walichaguliwa mahali kwa kufuata njia za ubongo wao wenyewe, nusu kwa kanuni ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu iliyoendelea miezi sita, na halikuonekana kundi lililoshinda jingine. Ni kweli hawakufuata njia ileile ya Stanford, na ugomvi wa wataalamu haujesha. Kwa maoni yangu, wazo la kila mtu na ramani yake ni zuri na litazaa matunda, lakini bado halijathibitishwa kiasi cha kumfanya mtu wa Kau auze mali yake.

Jambo jingine ambalo ningependa mlishike sana, kwa sababu linaweza kuwaokoa na matapeli. Picha hiyo hutumika kuchagua mahali pa kugonga. Haitumiki kupima kama mtu ana huzuni au hana. Hakuna picha ya ubongo inayosoma huzuni ya mtu mmoja, Nairobi wala Marekani. Daktari anaweza kuomba picha akishuku uvimbe au jeraha, hilo ni sawa. Lakini mtu akikwambia ulipe maelfu ya shilingi ili mashine ionyeshe kama binti yako ana unyogovu, funga pochi yako. Ugonjwa huu hupimwa kwa maswali na kwa kusikilizwa.

Tena ramani nyingi za ubongo zilizopo zimetokana na vichwa vya watu wa Ulaya na Marekani. Kwetu Afrika Mashariki mashine za MRI bado ni chache. Mwaka 2022, mjini Mbarara, Uganda, wataalamu wa chuo kikuu cha huko wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunda mashine ndogo ya bei nafuu, wakiwa na nia ya kuwasaidia watoto wenye maji kichwani. Hiyo ni hatua kubwa, ingawa mashine ndogo ya aina ile haiwezi kuchora njia za ubongo kama nilizoeleza.

Basi mama, ng'ombe wako usiwauze. Matibabu ya sumaku yaliruhusiwa kwa wale waliojaribu dawa na hazikuwafaa, na binti yako hajajaribu chochote. Hajashindwa na dawa, amenyimwa nafasi. Anzia karibu.

Mpeleke kituo cha afya cha Kipini au Garsen, au hospitali ya Ngao, na uende naye. Usimtume peke yake, maana mtu mwenye ugonjwa huu akifika foleni ndefu hugeuka akarudi nyumbani. Mhudumu akiuliza, usiseme "anaumwa na mwili" tu. Sema ni wiki ngapi hajalala vizuri, ni lini alicheka mara ya mwisho, anamshikaje mtoto. Waombe wapime na damu, kwa sababu upungufu wa damu baada ya kujifungua nao humlegeza mtu akaonekana mvivu. Mwambie mhudumu kama ananyonyesha, ili achague dawa kwa kujua hilo. Dawa za ugonjwa huu, kama fluoxetine, hazifanyi kazi siku ileile. Huchukua wiki mbili mpaka nne kabla nafuu haijaonekana, na hapo ndipo wengi huacha wakisema hazifai. Zisiachwe ghafla hata akijisikia mzima.

Na kuna matibabu ambayo hayahitaji hata kidonge. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, watu walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu. Waliuita okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Watafiti walichukua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, wagonjwa walikaa katika vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, magomvi ya nyumbani na mabadiliko ya maisha. Walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa karibu 7 kati ya kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa karibu 55. Ninyi wenye vyama vya akina mama, vya mkeka na vya kuweka akiba, mkutano tayari mnao. Mwulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu namna ya kuanza.

Kuhusu wakwe, nina neno. Daktari anatafuta kwa picha na kompyuta mahali pa ubongo palipozidiwa ili apatulize. Uvivu hautafutwi kwa MRI. Huyo msichana ni mgonjwa kama alivyo mgonjwa mwenye malaria, na aliye karibu naye anaweza kumsaidia leo hii kwa kumbebea mtoto saa mbili apate kulala, kumtia maji ya kuoga, na kukaa naye bila kumhubiria. Wale wawili wa Stanford waliopona kwa sumaku ya bandia, sidhani ni bahati tu. Kwa siku tano kuna watu waliokuwa wakiwangoja mlangoni.

Ikiwa baada ya dawa kutumika vizuri na mazungumzo kufanyika hakuna nafuu, daktari anaweza kuwapeleka mbele. Siku mkitajiwa matibabu ya sumaku, ulizeni bei yote pamoja na nauli na malazi, siku ngapi, koili itawekwa kwa kanuni gani, na nani atamfuatilia mkirudi nyumbani. Mwenye kazi ya haki hatakasirika kuulizwa.

Mwisho, la haraka. Mtu akisema afadhali afe, au mama akisema anaogopa atamdhuru mtoto wake, usimwache peke yake hata kidogo, na usimkemee. Ondoa dawa za shamba, kamba na visu mahali anapofikia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Unaweza kupiga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, namba 1199. Zamani familia zilificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha 226 ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa apelekwe kwa daktari, na anayempeleka asiogope kusema ukweli wa yaliyotokea.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kifafa kwa watoto na kwa nini mtoto aliyeanguka hatiwi kijiko mdomoni. Kwaherini.